Gasketi ya silinda hedi ikiungua kwenye gari la zamani: dalili, vipimo na malipo

Kufungua silinda hedi, yaani kichwa cha chuma kinachofunika silinda juu ya injini, ni kazi kubwa, na kwenye gari lenye umri bili yake inaweza kukaribia thamani ya gari lenyewe. Pamoja na hayo, hedi nyingi hufunguliwa kwa kubahatisha: gari limechemsha mara mbili, kuna weupe chini ya mfuniko wa oili, basi hukumu imeshatolewa. Dalili hizohizo huletwa na mfuniko mbovu wa rejeta, termostati (mlango wa maji unaofunguka kwa joto) iliyokwama au kipoza oili kilichotoboka. Kwa hiyo msimamo wetu ni mmoja: hedi isifunguliwe mpaka kipimo kimethibitisha, na gasketi mpya isifungwe mpaka kilichounguza ile ya kwanza kimejulikana.

Gasketi inatenganisha nini

Gasketi ni bamba jembamba la kuziba; hulala kati ya bloku (mwili wa injini wenye silinda) na hedi, na inatenganisha vitu vitatu: moto na shinikizo la ndani ya silinda, maji ya kupozea injini, na oili. Dalili utakayoiona inategemea ni mahali gani pametoboka. Moto ukipenya kwenye njia ya maji, rejeta inatoa mapovu na gari linachemsha. Maji yakiingia kwenye silinda, ekzosi inatoa moshi mweupe. Maji yakikutana na oili, oili inakuwa kama maziwa. Pakitoboka katikati ya silinda mbili zilizo jirani, injini inapoteza nguvu na kutetemeka bila hata tone la maji kupotea.

Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba oili ikiwa safi basi gasketi ni nzima. Magari mengi yenye gasketi iliyoungua yana oili safi kabisa.

Chanzo kikuu ni joto. Hedi ya aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya bloku ya chuma, lakini imebanwa na boliti. Joto likizidi haina pa kwenda, inapinda, na ikishapoa hairudi yote. Chanzo cha pili ni kutu: gari lililoendeshwa miaka mingi kwa maji matupu bila kulanti (dawa ya maji ya rejeta inayozuia kutu) huliwa kuzunguka matundu ya maji, na gasketi mpya haiwezi kuziba uso wenye mashimo. Chanzo cha tatu ni injini inayogonga, yaani mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda, kwa sababu ya taiming (wakati wa kuwasha mafuta) mbaya au mafuta duni. Shinikizo la kugonga huko hupiga ukingo wa gasketi mpaka ukavunjika.

Gari linachemsha

Angalia linachemsha wakati gani. Likichemsha kwenye foleni na kupoa barabarani, anza na feni: mota yake, fyuzi, rilei, au klachi ya feni kwenye injini zinazotumia klachi. Likichemsha mlimani au likiwa na mzigo tu, inaweza kuwa rejeta iliyoziba, na inaweza pia kuwa gasketi iliyotoboka kidogo, kwa sababu shinikizo ndani ya silinda hupanda unapokanyaga mafuta. Geji ikiwa juu huku mpira mmoja mkubwa wa rejeta ukiwa baridi, termostati haijafunguka au maji hayazunguki.

Kuna dalili moja inayoelekeza zaidi kwenye gasketi: geji inapanda ghafla, inashuka ghafla, na hita inapuliza hewa baridi wakati injini ina joto kali. Hiyo ni hewa iliyoingia mahali pa maji. Ikiwa maji yamebadilishwa karibuni, huenda ni hewa iliyobaki wakati wa kujaza, nayo huisha ukiitoa vizuri. Ukiitoa ikarudi tena siku ya pili, kuna gesi inayozalishwa ndani.

Mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu mapema mno

Kwa mtu asiye na vifaa, hii ndiyo dalili ya kuaminika kuliko zote. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta ili shinikizo litoke, ufunge tena, kisha washa. Ndani ya dakika moja au mbili maji bado hayajapata joto la kuyatanua, kwa hiyo mpira wa juu unapaswa kubonyea kirahisi. Ukiwa tayari umekuwa mgumu na maji bado ni vuguvugu, shinikizo hilo halikutokana na joto. Limetoka kwenye silinda.

Usifungue mfuniko wakati injini ni ya moto, hata kwa kitambaa. Maji yaliyobanwa kwa shinikizo la bar 1 hayachemki mpaka yafike nyuzi 120 hivi, na ukiyafungulia hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni.

Maji yanapungua na huoni yanakovujia

Kabla ya kuishuku gasketi, maliza haya. Mfuniko wa rejeta umeandikwa namba, kwa kawaida kati ya 0.9 na 1.1 bar. Springi yake ikilegea, maji huchemka mapema na kumwagikia nje kupitia tangi la akiba. Pampu ya maji ina tundu dogo chini yake, na michirizi mikavu hapo ina maana sili imekufa. Zulia la mbele likiwa na unyevu na kioo kikishika utando wenye harufu tamutamu, rejeta ndogo ya hita imetoboka. Maji yanayodondokea injini ya moto hukauka kabla hayajafika chini, kwa hiyo tafuta alama nyeupe au za rangi ya kulanti kwenye viungo vya mipira. Kwenye dizeli za kisasa kidogo, kipoza gesi ya ekzosi kikipasuka hupeleka maji moja kwa moja kwenye njia ya hewa, na kinaiga gasketi iliyoungua kwa kila hali: maji yanapungua, moshi ni mweupe, oili ni safi.

Moshi mweupe

Mvuke wa asubuhi kwenye baridi ni wa kawaida na huisha injini ikipata joto. Wa kuogopa ni moshi unaoendelea injini ikiwa ya moto, mzito, unaoning'inia nyuma ya gari na wenye harufu tamu ya kulanti. Kwenye dizeli, moshi mweupe unaochoma macho ni mafuta yasiyoungua, yaani tatizo la nozeli (zinazopulizia mafuta), plagi za joto au taiming. Hausababishwi na maji.

Oili imekuwa maziwa

Povu la rangi ya krimu chini ya mfuniko wa oili peke yake halithibitishi chochote. Gari la safari fupi fupi halipati joto la kutosha kukausha unyevu ndani ya injini, nao hujikusanya hapo juu. Chomoa dipstiki. Oili ikiwa safi na kiwango hakijapanda, endesha safari ndefu kisha uangalie tena. Kiwango kikiwa kimepanda, acha gari lilale usiku mzima, kisha legeza kidogo nati ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, na yatakuwa ya kwanza kutoka. Yakitoka maji, usiwashe injini hiyo tena hata kwa kuisogeza uani, kwa maana oili yenye maji na kulanti inakula beringi za kranki (shafti kuu ya injini), na hapo bili ya hedi inageuka kuwa bili ya injini nzima.

Oili ikionekana kwenye maji ya rejeta huku oili yenyewe ni safi, angalia kipoza oili kwanza. Injini ikifanya kazi, oili ina shinikizo kubwa kuliko maji, hivyo inasukumwa kuelekea kwenye maji. Uchafu ukiwa wa waridi kwenye gari la gia otomatiki, kipoza oili ya gia kilicho ndani ya rejeta kimepasuka. Hapo gasketi haina kosa, ila gia iko hatarini na gari lisiendeshwe.

Injini inamisi asubuhi kisha inatulia

Usiku maji yamechuruzika kwenye silinda. Ukiwasha, injini inatetemeka kwa sekunde chache, inatoa wingu jeupe, halafu inakaa sawa. Fungua plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Plagi ya silinda inayoingiza maji huwa imeoshwa, safi na nyeupe kuliko wenzake.

Starta ikigonga mara moja na injini ikakataa kuzunguka, usilazimishe. Maji hayabanwi, na silinda ikijaa maji, kinachopinda ni konrodi, mkono unaounga pistoni na kranki. Toa plagi kwanza, ndipo uizungushe ili maji yatoke.

Uvujaji wa nje kwenye mshono wa hedi na bloku upo pia, lakini oili ikionekana hapo, kagua kwanza gasketi ya mfuniko wa valvu iliyo juu yake, kwani oili hushuka.

Vipimo, kuanzia cha bei rahisi

Kipimo cha mapovu hakihitaji kifaa. Injini ikiwa baridi, jaza rejeta mpaka shingoni, washa mfuniko ukiwa wazi, na utazame. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki. Mapovu madogo yasiyokwisha, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda. Zima kabla maji hayajaanza kupanda kwa joto.

Kipimo cha gesi ndicho tunachokiamini zaidi kwa injini ya petroli. Ni bomba lenye kimiminika cha bluu linalokaa kwenye shingo ya rejeta na kuvuta hewa iliyo juu ya maji. Gesi ya mwako ikiwepo, bluu inageuka njano. Punguza maji kidogo kwanza yasiingie kwenye bomba, maana kimiminika kikichanganyika na kulanti kimeharibika. Kipime injini ikiwa imepata joto la kazi na ukanyage mafuta mara kadhaa. Tundu dogo linalofunguka kwenye mzigo tu linaweza kukwepa kipimo hiki, kwa hiyo jibu la "hakuna" si la mwisho kama dalili nyingine zipo.

Kipimo cha shinikizo la maji hutumia pampu ya mkono kwenye shingo ya rejeta. Pandisha mpaka namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, usizidishe, na uache dakika 15 hadi 20. Sindano ikishuka na nje pakavu, toa plagi na uchungulie silinda kwa kamera ndogo, au zungusha injini kwa starta ukiwa umesimama pembeni. Silinda itakayorusha maji ndiyo yenyewe.

Kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, hupimwa plagi zote zikiwa nje, mafuta na moto wa plagi vikiwa vimekatwa, pedali imekanyagwa hadi mwisho na betri ina chaji. Injini nyingi za petroli husoma kati ya bar 9 na 13, na silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Dizeli husoma juu zaidi na inataka geji yake. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imetoboka katikati yao. Ikiwa moja peke yake iko chini, tia kijiko kidogo cha oili ndani yake na upime tena: ikipanda, ringi za pistoni zimechoka, isipopanda, ni valvu au gasketi. Ili kutofautisha hizo mbili, weka pistoni juu kabisa valvu zikiwa zimefungwa, ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi na usikilize. Ikipulizia kwenye ekzosi ni valvu ya ekzosi, kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia, kwenye mfuniko wa oili ni ringi. Ikitoa mapovu kwenye rejeta, ni gasketi au hedi iliyopasuka.

Hapo kwenye "au" ndipo pesa ilipo. Hakuna kipimo cha nje kinachotenganisha kwa uhakika gasketi iliyoungua na hedi yenye ufa. Jibu hupatikana hedi ikiwa mezani.

Jinsi ya kukubaliana bei

Usikubali bei moja ya jumla. Kata kazi katika hatua nne na kila hatua iwe na bei yake kwenye karatasi: uchunguzi, kufungua na kupima hedi, kuchonga na vipuri, kufunga na kujaribu barabarani. Mstari muhimu kuliko yote ni huu: hedi ikikutwa na ufa, unadaiwa kiasi gani ukiamua kuishia hapo? Bila mstari huo, utakuwa na injini iliyofunguliwa na huna nguvu ya kujadiliana.

Gasketi yenyewe ni sehemu ndogo ya bili. Kinachokula pesa ni saa za fundi, na saa hizo zinategemea injini. Ya silinda nne iliyokaa kwa urefu na yenye nafasi ni nafuu. Ya V6 iliyokaa kwa upana ina hedi mbili, na mara nyingi ukiifungua moja ni busara kufanya zote. Vipuri vinavyopaswa kuonekana kwenye orodha ni seti nzima ya gasketi za juu, boliti mpya za hedi, termostati, oili na filta, kulanti, na mfuniko wa rejeta. Mkanda wa taiming, tensiona yake (kikaza mkanda) na pampu ya maji, kama vinaendeshwa pamoja, vifanywe sasa: kazi ya kuvifikia umeshailipia. Sili za valvu nazo ni nafuu hedi ikiwa mezani, na ghali sana baadaye.

Malipo ya awali yalingane na vipuri, na sehemu kubwa ya ufundi ilipwe baada ya gari kujaribiwa. Ukinunua vipuri mwenyewe unajua ubora wake, lakini kubalianeni mapema nani anabeba hasara kipuri kikiwa kibovu. Dai gasketi ya zamani na risiti ya karakana iliyochonga. Kwenye gasketi hiyo tafuta mahali pa moto kupita: ukingo wa chuma wa silinda uliokatika, wenye mchirizi mweusi unaoelekea kwenye tundu la maji au silinda ya jirani. Isipokuwa na alama yoyote, uliza hedi imepimwa ufa kwa shinikizo au la.

Sasa swali la kama inafaa. Linganisha gharama na tofauti ya thamani: gari kama hilo likiwa zima lingeuzwa kiasi gani, na lako kama lilivyo leo ni kiasi gani. Tuseme zima ni 100 na bovu ni 30. Matengenezo ya 40 yanakuachia faida ya 30, ya 80 yanakupa hasara ya 10 kabla hujagusa gia inayoteleza au kutu ya chesi, navyo vihesabu. Hata hivyo, gari unalolijua historia yake lina thamani kwako kuliko la mtu mwingine, na hiyo ni sababu halali ya kuvuka hesabu kidogo.

Injini iliyotumika huwa na maana kama beringi zimeshaharibika au hedi haiokoleki. Pima kompresheni yake kabla ya kulipa, na ubadilishe termostati, pampu na mkanda kabla haijaingizwa. Dawa za kumimina kwenye rejeta huziba tundu dogo la gesi kwa muda, mara nyingine kwa miezi, lakini huziba pia rejeta ya hita na mifereji myembamba. Tunaziona kuwa za gari linalosubiri kuachwa tu. Anayeuza gari lililomiminwa dawa hiyo anapaswa kumwambia mnunuzi.

Unacholipia kwenye kufunga

Hedi hufunguliwa ikiwa baridi, boliti zikilegezwa kutoka pembeni kuelekea katikati, la sivyo inapinda mikononi mwa fundi. Ikishatoka, uso wake hupimwa kwa rula ya chuma na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia pengo): kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari yote miwili. Injini nyingi huruhusu 0.05 mm, baadhi hadi 0.10. Bloku nayo ipimwe. Fundi anayesema hedi ni nzima kwa kuitazama tu, mkatalie.

Kuchonga kuna kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji, na baadhi ya hedi hazichongwi kabisa. Hedi ikipinda sana, mahali panapokaa kemshafti (shafti inayofungua valvu) pamepinda pia, na kuchonga chini hakupanyooshi. Kwenye dizeli gasketi huja kwa unene tofauti, ukionyeshwa kwa matundu au vijipengo ukingoni. Unene sahihi hutokana na kipimo cha pistoni inavyochomoza juu ya bloku.

Uso wa bloku usisuguliwe kwa diski ya msasa ya mashine. Unga wake huingia kwenye oili na kuua beringi ndani ya muda mfupi. Matundu ya boliti yakaushwe: tone la oili au maji chini ya tundu lisilo na mwisho wazi hupasua bloku boliti ikikazwa, au hudanganya toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Boliti za kunyooka, zile zinazokazwa kwa Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) kisha kwa nyuzi za mzunguko, kwa mfano 90 na 90 tena, kwa kawaida hutumika mara moja tu. Ukazaji huanzia katikati kwenda nje kwa hatua, kwa namba za injini hiyo na si za injini inayofanana nayo. Gasketi za tabaka za chuma hufungwa kavu, bila gundi, isipokuwa pale mtengenezaji alipoelekeza.

Baada ya kufunga, toa hewa huku hita ikiwa imefunguliwa kwenye joto, na uhakikishe feni inawaka yenyewe. Kama oili ilikuwa na maji, imwage tena baada ya kilomita 500 hivi. Kiwango cha maji kiangaliwe kila asubuhi kwa wiki mbili: kushuka kidogo siku za kwanza ni hewa inayomalizikia kutoka, lakini kikiendelea kushuka baada ya hapo, rudia kipimo cha gesi kabla dhamana ya fundi haijaisha.